Hiace ya kulala safarini: nimetoboa paa niweke feni, nimepambana na kelele, na bado maji yananidondokea

PampuYaKisima:
Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi mwisho kwenye swali.

Kazi yangu ni kufunga pampu za sola visimani. Wiki hii niko Chemba, ijayo Bahi, nyingine Mpwapwa huko ndani kabisa. Gesti za vituo vidogo mnazijua: chumba chenye feni hakina umeme, chenye umeme hakina feni, na spika ya baa imeegemea ukuta wa kitanda chako. Mwaka jana nikachoka. Nikang'oa viti vya nyuma vya Hiace yangu, nikaweka kitanda cha mbao, chini yake droo za spana na betri ya pili, nikasema kuanzia leo gesti yangu ni hii.

Usiku wa kwanza nikaegesha Kibaigwa. Hapo nilikosea. Soko lile la mahindi halilali. Fuso zinaingia, vibarua wanaitana, semitrela zinapiga breki za upepo utadhani ziko mtoni. Vioo nimefunga kwa sababu ya mbu na vibaka. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo hata ukizima gari umelala chumba kimoja na jiko ambalo halijapoa. Nikaligonga paa kwa kidole nikiwa nimelala chali: ngwaaaa. Debe tupu. Kila kinachotokea nje, bati linakirudia kwa sauti yake.

Ikaja Julai, Kondoa, nikaonja upande wa pili. Baridi, nimefunga kila kitu, alfajiri nikaamka na matone usoni. Si mvua. Ni pumzi yangu mwenyewe imegandia bati baridi ikageuka maji.

Ndipo nikaamua: feni ya paani, na kuzuia kelele. Na hapo hapo nikagundua nataka vitu viwili vinavyogombana. Hewa inataka tundu, na kelele nayo inaingilia tundu hilo hilo. Mtu akikwambia atakuwekea gari linalopitisha hewa vizuri na kimya kabisa kwa wakati mmoja, muulize hewa itapita wapi.

Feni niliyopata ni ya volti 12, ina kifuniko, inageuzwa kuvuta ndani au kutoa nje, na inataka tundu la sentimita 40 kwa 40. Mimi umeme naujua, bati silijui, nikampelekea fundi wa bodi hapa Dodoma mjini (simtaji). Alipima kutoka ndani, akapata nafasi kati ya mbavu mbili za paa, akatoboa kona nne kwa drili, akakata kwa jigsoo yenye meno ya kukatia chuma. Mpaka hapo namsifu. Nililala na wasiwasi nikiangalia anga kupitia paa la gari langu.

Sasa kasoro. Alipofunga fremu alitumia silikoni ile inayonuka siki. Nikamuuliza, akasema "hii hata bafuni haivuji". Mvua ya kwanza ya Desemba, niko Mtera, saa nane usiku: tone. Nusu dakika. Tone. Katikati ya godoro, kwenye kona ya fremu ya feni. Asubuhi nikakuta na mstari wa kutu rangi ya chungwa umeanza pembeni ya tundu.

Swali: ning'oe feni yote nianze upya, au kuna njia ya kuziba kwa juu? Fundi hapokei simu.

Mbishi_Dom:
Mkuu, kelele ungemaliza kwa trei za mayai tu. Bandika paa zima na kuta, gharama buku mbili tatu, biashara imekwisha. Studio zote za mtaani zinafanya hivyo. Watu mnapenda kupoteza hela.

DJ wa Kizota:
Mbishi, studio za mtaani zinafanya hivyo na jirani bado wanakuja kugombana. Trei ya yai ni karatasi nyepesi. Inaweza kupunguza mwangwi kidogo wa sauti za juu chumbani, lakini kuzuia sauti ya Fuso isipite haiwezi, kwa sababu haina uzito. Ndani ya gari inakusanya vumbi, inalika na panya, na cheche moja ikidondoka imewaka.

Mimi nafunga redio za magari, nina miaka kadhaa nagonga milango ya watu. Ngoja nikueleze, maana watu wanachanganya kazi tatu.

Ya kwanza ni kulinyamazisha bati lenyewe. Ile ngwaaa uliyosikia ni bati linatetemeka. Unabandika shiti za butili, mpira laini unaonata, zile nyeusi zenye foili ya alumini juu, unazisugua kwa roli mpaka mistari ya foili inalala. Bati likitaka kutetemeka linaukunja ule mpira, mpira unakula mtetemo. Na si lazima ufunike paa zima! Bandika katikati ya kila kipande kati ya mbavu, theluthi moja inatosha. Gonga tena. Badala ya ngwaaa utasikia tup. Ukisikia tup, simama, weka hela mfukoni.

Ya pili ni kunyonya sauti iliyokwisha kuingia. Hapo ndipo sponji, sufi na mazulia yanafanya kazi. Ya tatu ni kuzuia isiingie, na hiyo inataka uzito, vile vinaili vizito kama mpira wa sakafu, visivyo na upenyo. Kwenye Hiace hiyo ya tatu iweke juu ya kifuniko cha injini na kwenye matao ya magurudumu, usihangaike nayo paani. Paa zito linafanya gari liyumbe kwenye kona.

Na tafadhali: usinunue ile tepu ya lami ya kuzibia mabati ya nyumba ukaigeuza shiti ya butili kwa sababu ni rahisi. Jua la Oktoba hapa Dodoma, bati la paa halishikiki kwa mkono. Nilimfungulia mteja paa la Noah, lami ilikuwa imetiririka hadi kwenye nyaya za taa, gari zima linanuka barabara mpya.

PampuYaKisima:
DJ, asante. Butili nilibandika, na ile tup nimeisikia kweli. Nilimwita hadi mke wangu aje agonge.

Nikuongezee nililojifunza kwa gharama. Juu ya butili niliweka vibao vya povu gumu vya milimita 25, halafu silingi ya kitambaa kwa gundi ya viatu. Nilidhani gundi ni gundi. Siku moja nimeegesha Chemba juani tangu saa nne, narudi saa tisa nakuta silingi yote imeshuka kitandani kama chandarua. Ile gundi ikipata joto inalegea. Sasa nimeweka plaiwudi ya milimita 4 iliyofungwa kwa skrubu kwenye mbavu, kitambaa kimevishwa juu yake na kubanwa kwa pini nyuma. Kikitaka kushuka kishuke na plaiwudi.

Kingine, ile karatasi ya kung'aa yenye mapovu ya hewa. Niliipenda sana, nikaigandisha moja kwa moja kwenye bati. Haikusaidia lolote. Ile inarudisha joto pale tu inapokuwa na uwazi mbele yake. Ukiibana kati ya vitu viwili, joto linapita kwa kugusana na mng'ao wako unabaki pambo.

Mzee wa 109:
Vijana, shikamoo hamjanipa lakini nawapokea.

Haya mnayoyavumbua sisi tuliyaendesha. Land Rover 109 za serikali, zile za zamani, nyingi zilikuja na paa mbili. Bati la kwanza la gari, juu yake bati la pili limeinuliwa kidogo, hewa inapita katikati. Jua linapiga la juu, la chini linabaki kivulini. Na kwenye paa lile kulikuwa na vitundu vyenye vifuniko unavyofungua kwa mkono kutoka ndani. Hakuna feni, hakuna betri. Nilikuwa natoka Dodoma hadi Manyoni saa saba mchana, na bwana shamba amelala nyuma.

Kelele? Hizo hatukuzizuia. Ulikuwa unafika unaongea kwa kupaza sauti hadi kesho yake.

PampuYaKisima:
Shikamoo mzee wangu, utusamehe, heshima imetupita njiani.

Umenigusa hasa, maana hilo la paa mbili nimelifanya bila kujua jina lake. Nina paneli mbili za sola juu ya Hiace. Mwanzo nilizilaza karibu kabisa na bati ili zisivute upepo. Nikaziinua kwa vyuma, sentimita kama tano, nikitaka paneli zipoe, kwa sababu paneli ikipata joto umeme unapungua. Kumbe nimelipa gari mwavuli. Chini ya paneli bati unaligusa na kuacha mkono pale. Sehemu isiyo na paneli, mkono unauondoa mwenyewe bila kuambiwa. Na mvua inayopiga juu ya kioo cha paneli haipigi ngoma kama inayopiga bati. Kipande kilichobaki wazi nimekipaka rangi nyeupe.

MamaWaMtera:
Habari zenu. Mimi nachukua samaki Mtera naleta Dodoma, nalala kwenye gari usiku mmoja kwa wiki, mara nyingine na mwanangu wa miaka sita. Nina maswali mawili ambayo wanaume humu mmeyaruka. Vumbi, na usalama wa kulala. Nikitoka lami kuingia kijijini, vumbi linajaa hadi kwenye nywele, na sijafungua hata dirisha moja. Nikiweka hiyo feni si ndiyo litaongezeka?

PampuYaKisima:
Dada, swali la vumbi ndilo zuri kuliko yote humu.

Gari likitembea, nyuma yake hewa inapungua nguvu. Mlango wa nyuma una mpira uliochoka, basi vumbi linavutwa kupitia hapo hata kama madirisha yote yamefungwa. Ukiwasha feni ya kutoa nje wakati unatembea, unaongeza uvutaji, unalikaribisha vumbi kwa mikono miwili. Dawa ni kinyume: ndani kuwe na hewa nyingi kuliko nje ili inayotoka ipitie kwenye nyufa na kulisukuma vumbi lisiingie. Waaustralia, ambao wana barabara nyekundu kama zetu za huku, wanaweka kwenye matela yao ya kulala tundu la paani lenye mdomo unaotazama mbele na chujio ndani, kasi ya gari yenyewe inajaza hewa. Mimi nafanya cha maskini: nafunga feni ya paa, nafunga vioo, kipulizo cha dashibodi naweka kwenye hewa ya nje kasi ya mwisho. Halafu nilibadilisha mpira wa mlango wa nyuma. Ule mpira peke yake ulifanya nusu ya kazi.

Ukiegesha, ndipo feni ya kutoa nje inapofaa, kwa kuwa hewa ya moto iko juu karibu na tundu. Lakini lazima uipe pa kuingilia upande wa pili, chini. Feni bila mlango wa hewa inalia bure. Kasi ya chini yangu inakula chini ya ampia moja, usiku kucha, masaa tisa, haifiki ampia-saa 10, betri ya ampia-saa 100 haijui hata kama imeguswa. Fyuzi iwe karibu na betri, isiwe karibu na feni. Mbu: feni ina wavu, na kwenye tundu la chini nimeweka wavu wa dirishani mara mbili.

Usalama, hapa sina utani. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kama feni inazunguka, hata kama limebaki majivu ya moto tu. Gesi yake haina harufu na mtoto anakwenda wa kwanza. Jirani akiwasha jenereta karibu, hama, au geuza kitundu chako cha kuingizia hewa, kwa sababu feni inayotoa nje inavuta moshi wake moja kwa moja hadi kitandani.

Na ujue mipaka yake: feni haitengenezi baridi, inakuletea nje ndani. Saa tisa mchana Bahi, nje nyuzi 33, ndani hutapata 25 hata uweke feni tatu. Tafuta mkwaju. Nilitaka kusema mbuyu, lakini Agosti iliyopita nililala chini ya mbuyu, buyu likaachia saa kumi alfajiri likatua kwenye kifuniko cha feni. Nilidhani nimevamiwa. Kifuniko kina ufa hadi leo.

DJ wa Kizota:
Hahaha, buyu limepita vizuizi vyote vya sauti.

Mkuu, hilo tundu la chini la kuingiza hewa umelifanyaje lisilete kelele? Hapo ndipo kazi ilipo.

PampuYaKisima:
Boksi la kona mbili. Hewa haijali kona, sauti inajali. Chini ya kitanda nimetengeneza njia ya plaiwudi, hewa inaingia pembeni mwa mlango wa ubavuni, inapinda kushoto, inapinda tena kulia, ndipo inatokea karibu na miguu. Ndani nimeweka sponji kuta zote, na njia nimeiacha pana kwa sababu sponji inakula nafasi. Sauti kila ikigonga kona inagonga sponji. Iko upande wa pili wa bomba la moshi, mbali.

Juu kwenye feni sina ujanja huo, nafasi hakuna. Nina mto wa mraba, sponji nzito ndani ya turubai, naukandamiza kwenye tundu ninapotembea au ninapolala sehemu kama Kibaigwa. Hapo nategemea hewa ya chini na kioo kimoja kilichoachwa kidole kimoja. Ni kuchagua. Usiku wa Kibaigwa nachagua masikio, usiku wa Hombolo nachagua hewa.

BatiNaRangi:
Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni fundi bodi, Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma. Sio mimi niliyekukatia, nisingizieni mengine.

Silikoni ya siki kwenye bati la gari ni kosa, hilo nakubali. Ile siki ni tindikali, inakula chuma pale ulipokata rangi. Ukingo wa tundu unasugua, unapaka praima ya kuzuia kutu, unaacha ikauke, rangi juu, ndipo unafunga. Chini ya fremu unaweka tepu ya butili, unakaza skrubu kidogo kidogo kwa kuzunguka, unaiacha ilale, kesho yake unakaza tena. Ukikaza kwa hasira siku moja butili yote inatoka pembeni, unabaki umefunga plastiki kwenye bati. Juu unamalizia kwa ile gundi nyeusi mafundi vioo wanafungia vioo vya mbele, au siila ya kumwagia paani. Na paa la Hiace lina mifereji, kwa hiyo fremu bapa haikai. Ile mifereji lazima ijazwe kwanza, vinginevyo kila mfereji ni bomba la maji. Chenga za chuma za kukatia zifagiliwe siku hiyo hiyo, zikilala usiku mmoja na umande zinaanza kutu juu ya rangi.

Ila nikuulize kitu. Umejuaje kwamba maji yanaingilia kwenye feni? Kwa sababu yanadondokea pale? Maji yanapoingia na yanapodondokea ni sehemu mbili. Yanatembea juu ya ubavu wa paa hata mita moja, yakipata kona yanaachia. Chukua mpira wa maji, mtu mmoja akae ndani na tochi, plaiwudi uitoe. Anza kumwagia chini kabisa, ngoja dakika tano, panda kidogo, ngoja tena. Usianze na juu, ukianza juu kila kitu kitalowa na hutajua kitu. Fanya hivyo kabla hujang'oa feni ya watu.

Mbishi_Dom:
Na trei za mayai je, zinazuia maji?

PampuYaKisima:
MREJESHO. Samahani kwa siku nne, nilikuwa Kongwa.

Leo asubuhi nimetoa plaiwudi ya silingi, mwanangu amekaa ndani na tochi, mimi na mpira wa maji. Nimeanza kwenye mfereji wa pembeni. Kavu. Nikapanda hadi ukingo wa nyuma wa fremu ya feni, dakika tano, kavu. Pembeni zote mbili, kavu. Ukingo wa mbele, kavu! Mtoto ameshaanza kulalamika shingo. Nikasogea mbele kwenye paneli, sikuwa hata na nia ya kupima pale, nilikuwa nauhamisha mpira tu. Nikasikia kutoka ndani: "Baba, inakuja!"

Pale waya za sola zinapoingia. Tundu nililotoboa mimi, kwa drili yangu, mwaka mmoja kabla ya feni, nikalifunga kwa kifungio cha plastiki na silikoni. Nimenusa mabaki ya kopo lile lililobaki kwenye droo. Siki.

Maji yalikuwa yanaingia pale, yanalala juu ya ubavu, yanatembea kama sentimita 70 kurudi nyuma, yakifika kwenye fremu ya fundi yanadondoka. Kutu ya pembeni ya tundu la feni ni yake, hiyo nambakizia. Tone la Mtera ni langu.

BatiNaRangi:
Umeshampigia fundi wako?

PampuYaKisima:
Nimempigia kwa namba ya mke wangu, akapokea. Nikamweleza yote. Amecheka hadi nikasubiri. Kisha akasema nilete gari Alhamisi, yeye atang'oa silikoni yake na mimi ning'oe yangu, na hiyo gundi ya vioo tununue kopo moja tugawane.